Mkwe Hasemi Panapouma

Jumatatu, 2 Mei 1949. Myanga.

Nimeamka na mpango. Mpango mzuri kabisa.

Chifu alitangaza barazani kwamba lokesheni yetu, yaani eneo lake lote, inahitaji mzee wa afya. Kazi yake: kupita nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu kuacha tabia zinazowaletea maradhi. Mshahara hakuna. Koti lipo. La kaki, vifungo vya shaba. Nimeliona likining'inia ofisini kwake na nimelipima kwa macho. Mabega ni yangu.

Nani mwingine alivae? Mimi Wakhungu nilikuwa dresa. Nilifunga vidonda vya wapagazi katika vita vya kwanza, kisha nikafunga vidonda vya raia hadi nilipostaafu. Tena nimesoma. Najua kwamba maumivu si kitu kimoja. Watu wa hapa husema "naumwa", wakakaa kimya, wakadhani wamemaliza. Hawajaanza.

Kwa hiyo nimechora chati. Mfuko wa unga uliopasuliwa, mkaa, na buluu ya kufulia. Maumivu ya kuchoma, kama mwiba. Ya kuwaka, kama pilipili. Ya kusokota, kama mtu anayekamua nguo. Ya kupwita, kama ngoma ya mbali. Ya kuhama, asubuhi hapa, jioni pale. Hayo ya mwisho ni upepo, na upepo haujaua mtu. Chini nimeacha nafasi.

Kizuizi ni kimoja tu: Kiptanui, dresa wa sasa, kijana wa kutoka Cheptais aliyekalia kiti changu. Chifu husikiliza ushauri wake. Ana baiskeli, ana chanuo mfukoni, na hupiga mluzi mbele ya wazee. Njia yake ya kutibu nimeichunguza dirishani. Anamuuliza mgonjwa panauma vipi, palianzia wapi, na yeye mwenyewe anaona anaweza kuanza kubadili nini. Halafu ananyamaza. Serikali inamlipa kijana mzima kwa kunyamaza! Kama mgonjwa angejua aanze na nini, angetoka nyumbani kwake kwa sababu gani?

Nahitaji mgonjwa mmoja wa kumponya kabla ya baraza lijalo. Nimemchagua. Ni Mkwe, mama yake mke wangu Nanyama. Anasumbuliwa na kiungulia na ananusa tumbaku kupita kiasi. Tena ana sifa moja isiyopatikana kwa mgonjwa mwingine yeyote: kwa desturi yetu hawezi kubishana nami.

Jumanne, 3 Mei.

Naeleza, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakufa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Kwa kawaida mimi. Jina lake silitaji, hata hapa siliandiki. Ndiyo heshima. Miaka yote hii sijawahi kusikia sauti yake ikinielekea mimi.

Basi nilikwenda ng'ambo ya kijito kwa shemeji Wabwile, ambako Mkwe anaishi katika nyumba yake ndogo. Nikakaa nyuma ya ghala la mahindi, mgongo nimeielekezea nyumba, chati mapajani. Nanyama ndiye aliyebeba maswali na majibu. Maswali yalikwenda marefu yakarudi majibu mafupi.

Nilimweleza juu ya bomba la chakula. Nilimweleza jinsi tumbaku inavyoteremka kooni na kuwasha moto tumboni. Nilimweleza kwamba tabia ni kama njia ya ng'ombe: ukiziba pa kuingilia, majani yataota. Nanyama alikwenda na kurudi mpaka akavua viatu.

Wabwile alipita na jembe begani. Akasema, shemeji, mama alitaka dawa ya kiungulia, naona umemletea mahubiri. Na ghala langu je, limeokoka? Nikamwambia elimu haina haraka. Akajibu kwamba kiungulia kinayo.

Mwisho jibu likaja: Mkwe anashukuru sana. Ameelewa yote. Tumbaku ameacha.

Ameacha! Siku ya kwanza! Kiptanui hukaa na walevi wake miezi na miezi.

Jumatano, 4 Mei.

Soko la Myanga. Nilikwenda kwa Dinah, yule mwanamke anayeuza kuku na tumbaku ya kunusa, kumpa pole kwa kumpoteza mteja. Akacheka hadi akashika meza. Akasema, "Mzee, yule si alipita hapa jana jioni? Amechukua ya kumtosha wiki nzima. Ati mkwe wake hataki anuse, kwa hiyo anaweka akiba asije akamsumbua mtu kumtuma."

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Dinah anasema uongo. Ni mfanyabiashara, na afya ya watu ni hasara kwake. Nilimweleza hivyo, na nikamweleza pia kuhusu bomba la chakula. Akaniuzia kuku kwa bei mbaya.

Ijumaa, 6 Mei.

Jambo jipya. Mkwe anaumwa tumbo, na si kiungulia.

Nilituma swali mapema. Jibu: ni kidogo tu, mkwe asijisumbue. Lakini Nanyama ana macho. Anasema jana mama yake alishinda ameshika kitovu. Leo mkono umeteremka chini, upande wa kulia, na hauondoki hapo. Uji ameukataa. Akikohoa anakaza meno.

Nikafungua chati. Jana kitovuni, leo kulia. Maumivu ya kuhama. Upepo! Chati ilifanya kazi kama saa. Upepo ukifungiwa tumboni dawa yake ni kuufungulia mlango, nami ninayo chupa nzima ya mafuta ya mbarika, yale ya kuendesha tumbo. Nikampa Nanyama na maagizo: anywe yote, kisha atembeetembee uani.

Nanyama alisimama na chupa mkononi. Akauliza, je, si afadhali tumwite Kiptanui amshike tumbo kwanza? Nikamuuliza kama Kiptanui ana chati. Akakubali kwamba hana.

Jibu lilirudi kabla sijamaliza kukunja chati yangu: amekunywa mafuta yote, ni mazuri, anamwombea mkwe wake baraka.

Jioni nilisimama mlangoni nikitazama ng'ambo ya kijito. Kibatari cha Mkwe huwaka kidogo kama jicho la paka, maana habanduki kwenye ubahili wa mafuta. Leo kiliwaka mwanga mkubwa, mweupe. Nimefurahi. Mgonjwa anayechangamka hupenda mwanga.

Jumamosi, 7 Mei.

Ushindi.

Nilituma swali moja: maumivu yako wapi sasa? Jibu: hakuna tena. Yamekwisha.

Nilimwambia Nanyama arudie jibu hilo ili nilisikie vizuri. Akalirudia, lakini uso wake haukuwa wa habari njema. Anasema mama amelala ubavu, magoti ameyakunja hadi kifuani, hataki hata shuka limguse. Ngozi yake ina moto. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo inayoitwa mapumziko. Mwili uliopigana hulala. Akaniuliza kama mwili uliopumzika hutetemeka. Nikasema ni swali zuri.

Mara nikasikia mluzi. Kiptanui, na baiskeli yake, na nywele zimelala upande mmoja. Wabwile alimwita bila kunishauri. Nilimwahi langoni kwa Wabwile. Nikamwambia arudi tu, mgonjwa wangu amepona, maumivu yalihama kisha yakatoka.

Hapo mluzi ukakatika. Akaniuliza: yalihama kutoka wapi kwenda wapi? Nikamwambia hilo ni suala la kitaalamu. Akauliza: mzee, wewe umemwona? Swali la mtu asiye na adabu. Nani humwona mkwe wake? Nikamweleza desturi yetu tangu mwanzo, sababu zake na faida zake, mpaka alipoanza kutazama jua. Wabwile hakuwapo, alikuwa amepeleka ng'ombe mtoni, na Nanyama alikuwa amerudi ndani kwa mama yake. Kiptanui akasema ana mama anayejifungua ng'ambo ya pili, ila mabadiliko yoyote, yoyote, aitwe. Akaondoka bila mluzi.

Kesho natangaza kanisani. Kisha nimemwalika liguru wetu, msaidizi wa chifu hapa kijijini, Mzee Wekoye, aje ashuhudie nyuma ya ghala na amfikishie chifu. Nimepiga pasi suruali.

Jumapili, 8 Mei. Naandika haraka, lori linapakiwa.

Kanisani nilisimama wakati wa matangazo. Nikasema Mungu ametenda, na nikaeleza alivyotumia chati. Mkwe hakuja ibadani. Nikasema kutokuja kwake ni ushahidi: amelala kwa amani. Watu wakasema amina.

Kisha nikaenda na liguru Wekoye hadi nyuma ya ghala. Naeleza kwamba Wekoye ni mzee mwema, lakini masikio yake yamemwacha. Tukaketi, migongo tumeielekezea nyumba. Nikamtuma Nanyama amuulize mama yake mbele ya shahidi: je, una maumivu yoyote?

Nanyama akaingia. Hakutoka. Tukangoja. Kuku wakapita. Liguru akauliza kama tumeshaanza.

Ndipo nikasikia sauti. Si ya Nanyama. Nyembamba, imekauka, kama mtu anayeongea huku amebeba mzigo. Ikasema, "Wakhungu."

Alilitaja jina langu. Mkwe wangu alilitaja jina langu. Nikavua koti langu la kanisani nikajifunika kichwa. Miguu yangu ilikuwa tayari imesimama yenyewe ielekee migombani.

"Mwanangu, usikimbie. Nilisema sina maumivu kwa sababu ni wewe uliyeuliza. Mtu atamwambiaje mkwe wake habari za tumbo lake? Lakini naona heshima hii itanizika. Keti. Nisikilize, na usinieleze kitu."

Nikaketi.

Akasema yalianzia kitovuni, kama kusokotwa. Yakateremka kulia yakawa kama kisu. Jana asubuhi kitu kikapasuka ndani, na maumivu yakanyamaza ghafla, akadhani Mungu amemhurumia. Halafu yakarudi tumbo zima, na sasa tumbo ni gumu kama ubao wa mlango, hata kupumua ni kazi. Akasema anaogopa.

Liguru akaniuliza mama amesema nini. Ilinibidi nimrudie sikioni, kwa sauti ya juu kabisa, habari zote za tumbo la mkwe wangu, majirani wakiwa wamesimama uani na nguo zao za kanisani. Nilipofika kwenye "anaogopa" sauti yangu ikakwama, na liguru akasema, sema tena, bana, hapo sijasikia.

Nilitazama kwenye chati, chini ya koti. Maumivu yanayonyamaza hayakuwapo.

Wabwile hakungoja. Akakimbia mwenyewe kumwita Kiptanui. Kiptanui akaja akikanyaga baiskeli kama anayefukuzwa, nywele zote juu, akaingia, akamgusa tumbo kwa vidole viwili tu, akatoka. Hakunisema. Alisema neno moja kwa Wabwile: Kitale. Huko yuko daktari wa kupasua. Kidole tumbo kimepasuka, na kama hatutaondoka sasa, tutafute mbao.

Liko lori la mahindi linalokwenda Kitale leo. Wabwile anabaki na ng'ombe na watoto. Tunaondoka.

Jumatatu, 9 Mei. Kitale, benchi la hospitali.

Mvua njia nzima. Mkwe alilazwa kwenye kiti cha mbele, kichwa mapajani mwa Nanyama. Mimi nilipanda juu ya magunia, maana mkwe hakai na mkwe, na hata kama angekaa nafasi haikuwapo. Turubai lilifunika mahindi. Mimi halikunifikia.

Baada ya Kimilili barabara ni tope tupu. Kila tairi ilipozama kwenye shimo nilimsikia kutoka chini. Mara ya kwanza nilianza kufikiri: je, huku ni kuchoma au kukata? Baadaye sikutafuta tena aina yake. Nilishika kamba tu. Kwenye daraja la Kamukuywa lori lilikwama, na dereva akasema wote washuke wasukume. Nilisukuma. Nilikuwa upande wa dirisha lake na sikugeuza uso.

Hospitalini walimpitisha ndani, Nanyama akamfuata. Mimi nikabaki mbele ya karani. Akachovya kalamu. Jina la mgonjwa?

Nikamwambia, ni mama mkwe wangu.

Akasema hilo si jina.

Nikamweleza kwamba kwa watu wetu jina la mkwe halitamkwi. Nikamweleza sababu. Akasema daktari hapasui mtu asiye na jina. Nikamwambia alizaliwa wakati wa mavuno, basi jina lake mtu yeyote anaweza kulijua. Akasema, "Mzee, hapa tunaandika majina, vitendawili peleka kwa wajukuu." Jasho likanitoka ndani ya nguo zilizolowa. Mdomo nilifungua. Naapa nilifungua. Jina lilifika kwenye meno likagoma, na huko ndani nilisikia mtu anagumia. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni, Mbukusu mwenzetu, akasema, "Si ni Nekesa? Andika Nekesa, karani, huyu mzee atatuua wote hapa."

Sikuandika hilo jina mimi. Nimenukuu.

Kisha akaja nesi, anaitwa Nyaruai, mwenye hatua fupi za haraka. Akauliza kama mgonjwa amepewa dawa yoyote. Hasa dawa ya kuendesha tumbo.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema ndiyo. Mafuta ya mbarika. Chupa nzima. Nani alimpa? Mimi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tumbo lenye kidole kibovu halisukumwi. Ukilisukuma unapeleka uchafu kila mahali, na kwa chupa nzima hajui daktari atakuta nini. Akaondoka akikimbia kumwambia.

Nanyama alisikia yote. Alikuwa ametoka ndani, amekaa karibu nami. Akainuka, akahamia benchi la upande wa pili.

Mlango wa chumba cha kupasulia umefungwa tangu hapo. Taa inawaka juu yake. Nina chati ndani ya shati, imelowa, buluu imenipaka kifuani. Mungu wangu, sina swali la kumtuma mtu yeyote akaulize.

Jumanne, 10 Mei. Kitale.

Yu hai.

Daktari alitoka akiwa amechoka. Nyaruai akatafsiri: kimepasuka kweli, lakini uchafu haukusambaa kama walivyoogopa. Wamesafisha, wamemchoma sindano ile mpya ya penisilini. Bado si salama, lakini yu hai. Daktari anashangaa kuhusu mafuta. Amesema kama angeyanywa, leo tungekuwa tunazungumza na seremala.

Nililia kidogo. Ilikuwa vumbi. Kitale yote ni tope leo, lakini vumbi lilikuwapo.

Jioni Nanyama aliniita. Wodi ya wanawake siingii, kwa hiyo nilisimama nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Mkwe akazungumza mwenyewe. Sasa amekwisha kufungua mdomo, hakuona sababu ya kuufunga. Akaniambia kidonda kinavuta upande wa kulia akigeuka, kinawaka akicheka, na usiku kilipwita mpaka sindano ya pili. Akasema yote hayo bila kuulizwa. Sijawahi kusikia maelezo mazuri kama hayo kwa mgonjwa. Nikamuuliza juu ya mafuta.

"Mafuta? Niliyatia kwenye kibatari, mwanangu. Ningeyarudisha ungeona nimekudharau. Yalikuwa mafuta mazuri sana. Hayana moshi."

Nanyama akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa, kisha akalia, kisha akaniletea chai.

Nyaruai alinikuta pale dirishani akanipa mawaidha. Akasema mgonjwa wa heshima hujibu kile unachotaka kusikia. Muulize, halafu ungoje. Usimwekee jibu mdomoni. Na kama unataka aache kitu, muulize yeye anataka nini kwanza. Yeye alimuuliza Mkwe kuhusu tumbaku. Mkwe akafikiri, akasema ile ya asubuhi ataiacha, maana humfanya apige chafya na chafya zinavuta nyuzi. Ile ya jioni wamwachie. Nyaruai akasema basi tuanze na hapo.

Nimeyaandika yote. Nilimshukuru, nikamweleza kuhusu bomba la chakula.

Jumamosi, 28 Mei. Myanga.

Nyumbani. Mengi ya kuandika, nitafupisha.

Mkwe alirudi Jumatano kwa lori, safari hii barabara imekauka kidogo. Anatembea kwa fimbo. Watu wamejaa uani kwake tangu asubuhi hadi jioni.

Kwanza, habari ya heshima. Haikuwezekana kuendelea namna ile. Mkwe ananiita kwa jina mbele ya watu! Alhamisi aliniona ng'ambo ya kijito akapaza sauti kwamba kidonda kinamwasha. Niliingia kichakani nikakuta siafu. Nikakutana na wazee, tukakubaliana juu ya kondoo na blanketi, na jana nikavitoa. Wazee wakala, wakasema maneno yanayosemwa, na mambo yamerudi kama zamani. Hatusemi tena. Nanyama alinisihi nisubiri mpaka kidonda kipone. Nikamweleza kwamba tiba na adabu ni vitu viwili, na kila kimoja kina wakati wake.

Pili, koti. Chifu amempa Wekoye. Wekoye! Hasikii, kwa hiyo hukaa kimya, na watu wanadhani anawasikiliza, basi wanamweleza kila kitu mpaka wanajieleza wenyewe la kufanya. Tayari wawili wamepunguza pombe. Nasikia Kiptanui ndiye aliyempendekeza. Mabega ya koti yanamning'inia.

Tatu, sayansi. Nimetafakari yaliyotokea Kitale bila hasira. Daktari mwenyewe alitamka kwamba uhai wa Mkwe ulitegemea mafuta yangu. Haya ni maneno yake, nimeyaandika hapo juu, ingawa aliyaweka kinyume kidogo. Ile habari ya kibatari siiwekei uzito. Mkwe alikuwa na homa, na mtu mwenye homa husema lolote. Alikunywa. Alinitumia jibu wakati ule ule kwamba amekunywa, na sijawahi kumjua mwanamke yule kusema uongo.

Kwa hiyo nimechora chati mpya, kubwa zaidi, mifuko miwili imeshonwa pamoja. Nimeongeza "maumivu yanayonyamaza". Na leo alasiri nimerudi kwenye nafasi yangu nyuma ya ghala. Wabwile aliponiona aliweka jembe chini, akatazama mbingu, akaenda zake.

Nilimtuma Nanyama amuulize mama yake kama ana maumivu. Nilifuata maneno ya Nyaruai: niliuliza, kisha nikangoja. Niliona kwamba anachelewa, nikamwongezea maelezo mawili matatu ya kumsaidia.

Jibu likaja. Hakuna maumivu. Hata kidogo. Na tumbaku ameacha yote, asubuhi na jioni.

Nanyama alilileta jibu hilo. Akasema Jumatatu anampeleka kwa Kiptanui, kidonda kitazamwe na mtu anayeruhusiwa kukiona. Nikasema aende tu, hakuna ubaya kijana naye akijifunza. Kisha, kwa kuwa safari ya lori hufunga tumbo, nikamkabidhi chupa nyingine ya mafuta ya mbarika. Alitaka kusema neno, akaisikia sauti ya mama yake ndani ikimwita, akaichukua chupa akaingia. Akatoka upesi. Nikamwona anaziba mdomo kwa ncha ya leso. Ameguswa.

Mkwe amekunywa yote. Anashukuru, anamwombea mkwe wake baraka.

Ni jioni sasa. Nimesimama mlangoni na shajara yangu. Ng'ambo ya kijito kibatari cha Mkwe kinawaka mwanga mkubwa, mweupe, unaofika mpaka kwenye migomba, na hakuna moshi hata kidogo. Hiyo ndiyo nyumba ya mtu aliyetibiwa vizuri.